Hitilafu ya Barabara Karibu na Tuvumilie

Nchi yetu haina tatizo la tembo. Ninalisema hili mapema, kabla hamjakaa vizuri, kwa sababu wapo watu wa kusikia neno moja na kukimbia nalo sokoni. Jina la nchi sitalitaja. Siyo kwamba naogopa. Naipenda, na mtu hamtaji ampendaye mbele ya wasiomhusu. Itoshe kujua kwamba ni nchi nzuri, ina bendera, ina wimbo, na ina wanyama wengi kiasi kwamba tumelazimika kuwatungia sheria.

Mimi ni dereva wa Wizara ya Wanyama, Wageni na Mandhari. Nimewaendesha mawaziri wengi hata sura zao zimeanza kunichanganya, na wote walinifundisha jambo lile lile: dereva anaangalia barabara. Mengine yana wenyewe. Kwa hiyo haya nitakayosimulia sikuyaona. Yalitokea tu mahali nilipokuwa nimeegesha gari.

Zamani, kabla Wizara haijaamka, tembo walionekana ovyo. Mgeni alishuka kwenye ndege kutoka ng'ambo, suruali ina mifuko mpaka magotini, akakaa barazani kwenye nyumba ya wageni ya wilayani akila chipsi mayai, na tembo wakapita. Akapiga picha, akamaliza chipsi, akarudi kwao. Hifadhi hakuijua hata geti. Jambo hili lilimuumiza sana Mheshimiwa Waziri, mtu mwenye uchungu na nchi, ambaye alikuwa amejenga hoteli ndani ya hifadhi kwa jina la mkewe. Alisimama bungeni akasema maneno ambayo mpaka leo yako kwenye ukuta wa ofisi yetu:

"Waheshimiwa, kumwona mnyama nje ya makazi yake ya asili ni sawa na kumwona mkweo anaoga. Hata kama umemwona, hukumwona."

Wabunge walipiga meza. Ikatungwa Sheria ya Makazi ya Asili. Ilisema kwamba mnyamapori ni yule aliye katika makazi yake ya asili. Kwamba makazi ya asili ni ndani ya mawe meupe ya mpaka wa hifadhi. Na kwamba kilicho nje ya mawe hayo, hata kiwe na mkonga, si mnyamapori. Wanasheria walipoulizwa ni nini basi, waliomba muda, na nadhani bado wanao.

Watumishi wote tukapelekwa semina. Tulifundishwa kwamba ukikutana na kitu cha aina hiyo nje ya mpaka, unakipa mgongo kwa utulivu, unaangalia mandhari, unasubiri kipite. Mwalimu alitupanga uwanjani tukageuka kwa pamoja, tukarudia na kurudia, mpaka mpishi wa semina akadhani tunajifunza ngoma. Cheti ninacho.

Haikupita muda nikapata nafasi ya kutumia elimu yangu. Nilikuwa nikimpeleka Mheshimiwa mwenyewe kuzindua kisima, tukakuta lami imejaa tembo, wakubwa kwa wadogo, wametulia kama wenye nyumba. Mawe meupe tulikuwa tumeshayapita. Mheshimiwa akageuza uso dirishani na kuanza kusifia milima, ingawa upande ule hapakuwa na mlima. Tukakaa. Chai ya kwenye chupa ikaisha, magazeti yakaisha, mlinzi wake akasinzia. Makao makuu wakaita kwenye simu ya upepo wakitaka kujua kwa nini hatufiki, nami nikamuuliza Mheshimiwa niseme nini.

Alifikiri sana. Kisha akasema, "Sema kuna hitilafu ya barabara."

Tangu siku hiyo ndiyo lugha yetu kazini. Utasikia dereva mwenzako akiita kwamba pale kwenye daraja kuna hitilafu yenye mtoto, au kwamba hitilafu dume limeangusha nguzo ya umeme. Watu wa barabara walilalamika kwamba wanasingiziwa, wakaambiwa wavumilie.

*

Kuvumilia ni jambo linalojulikana vizuri katika kijiji cha Tuvumilie, kilichokuwa ng'ambo tu ya mawe meupe, mkono wa kushoto ukitokea wilayani. Jina hilo walipewa na serikali ya kwanza. Zilizofuata hazikuona sababu ya kulibadilisha. Wenyeji walilima mahindi na mbaazi, na hitilafu zikavuna.

Hapo aliishi mkulima mmoja aliyeitwa Likwata, na mkewe, Bi. Somoe. Majirani walifukuza hitilafu kwa kupiga madebe, kwa moshi wa pilipili na kwa matusi. Likwata alikuwa mpole. Yeye alisimama pembeni ya shamba akazungumza nao. "Jamani, kuleni," alikuwa akiwaambia, "lakini tuachieni mbegu." Kwa miaka mingi walimwelewa, au pengine walikuwa wameshiba. Alfajiri moja hawakumwelewa.

Sasa watu wa Tuvumilie wana desturi yao ya msiba. Matanga hayaanuliwi mpaka kaka wa marehemu asimame mlangoni aseme kwa sauti kilichomchukua ndugu yake, na waombolezaji wote wajibu: tumesikia. Hapo mikeka inakunjwa, watu wanarudi makwao, na mjane anakabidhiwa jembe. Kabla ya hapo mjane hagusi jembe hata kwa kulisogeza lisimkwaze. Na sababu haisingiziwi. Ukisema homa na haikuwa homa, basi homa yenyewe itakuja mlangoni kudai mtu wake.

Kaka wa marehemu aliitwa Nangomwa. Siku ya kuanua matanga alikohoa, akasimama mlangoni, na kabla hajafungua mdomo Mwenyekiti wa kijiji akafika anahema. Akamziba kinywa kwa kiganja. Akaeleza kwamba kutangaza tembo nje ya hifadhi ni uchochezi wa kimazingira, kwamba wageni wakisikia hawatakuja tena, na kwamba kijiji kitanyang'anywa zahanati ambayo ilikuwa imeahidiwa. Akawaomba, kwa heshima zote, waseme ni presha. Wakikataa presha basi radi.

Walikataa. Mwenyekiti naye akakataa. Kwa hiyo matanga yakaendelea.

Yaliendelea mpaka ikawa kama kazi ya kudumu. Ndugu walikuwa wanalala kwenye mikeka ukumbini na uani, wanaamka, wanaomboleza kidogo, wanauliza kuna nini cha kula. Nangomwa alisema hatamwacha mdogo wake aondoke bila sababu, hata kama itabidi akae pale mpaka meno yang'oke. Alikuwa mtu wa msimamo, hasa baada ya ugali. Ghala la Bi. Somoe likawa linasikika tupu ukiligonga. Huku nje mawingu yalikuwa yanashuka, majirani wameshatifua mashamba, na yeye ameketi mkekani amenyoosha miguu, jembe liko pale ukutani analitazama. Mvua ikimkuta hajalima, mwaka huo hana chakula. Hilo alilijua yeye, alilijua Nangomwa, na nadhani hata hitilafu walilijua.

Mjane anaruhusiwa kutoka nje kwa jambo moja tu, kufuatilia kifo cha mumewe. Bi. Somoe akajifunga kaniki, akatembea mpaka wilayani.

*

Ofisi yetu ya wilaya ilikuwa chini ya Bwana Evarist, Afisa Makazi ya Asili, mtu wa makamo mwenye macho mekundu ya kukosa likizo. Hakuwa mtu mbaya. Nimewaona wabaya, na hawachoki namna ile. Mimi nilikuwa kwenye benchi la madereva nikisubiri mafuta, kwa hiyo sikusikia chochote.

"Amefia wapi, mama?" aliuliza Bwana Evarist.

"Shambani kwake."

"Kwa sababu gani?"

"Tembo."

"Shambani hakuna tembo, mama. Tembo yuko hifadhini."

"Sasa hivi labda yuko huko, mwanangu," Bi. Somoe alisema. "Siku ile alikuwa kwetu."

Bwana Evarist alifunga macho kidogo. Kisha akamweleza, taratibu, kwamba Wizara haina roho mbaya. Kanuni zinaruhusu mlalamikaji kumtambua mnyama husika, mradi amtambue akiwa kwao, ndani ya mawe, katika makazi yake ya asili. Akimtambua huko, Wizara itakubali kwamba mnyama huyo yupo, na kama yupo anaweza kuwa alifanya jambo. Bi. Somoe akasema basi apelekwe.

Hapo ikaja shida nyingine. Raia haingii hifadhini isipokuwa awe mtalii. Kwa bahati nzuri tulikuwa na kampeni ya taifa iliyoitwa Mwananchi, Furahia Chako, iliyokuwa ikipeleka wananchi kuona wanyama ambao Wizara ilikuwa imewakataza kuwaona nyumbani. Masharti yake yalikuwa mawili tu. Mtalii wa ndani avae kofia ya kampeni, na awe amefurahi. Kofia zilikuwa za njano, mbele zimeandikwa NIMEFURAHI kwa herufi kubwa. Bi. Somoe akauliza imeandikwa nini, Bwana Evarist akamsomea huku akitazama dirishani. Bibi yule aliigeuza geuza mkononi, akaivaa juu ya kaniki yake ya msiba, akasema ameshavaa mazito kuliko hayo.

Nikapewa mafuta.

*

Getini tulipokelewa na tembo wa saruji, mkubwa, amepakwa rangi ya kijivu, na wageni walikuwa wamejipanga kupiga naye picha. Bwana Evarist, ambaye naona alikuwa ameshaanza kutamani siku iishe, akamuuliza Bi. Somoe kama pengine ni huyu.

Bi. Somoe alishuka, akamzunguka, akamgusa mguu. "Huyu hana njaa," akasema, akarudi garini.

Tukaingia. Wale wasiowahi kufika hifadhini kwetu niwaambie kwamba ni mahali patulivu mno. Kuna mabango yanayosema Furahia kwa Utulivu. Kuna ukumbi wa mikutano ambamo siku zote kuna mkutano. Kuna hoteli ya Mheshimiwa yenye bwawa la kuogelea, na bomba nene linalotoka mtoni kwenda kwenye bwawa hilo, na baada ya bomba kuna mto, ambao sasa ni mchanga mtupu. Pembeni ya mchanga ule tulimkuta twiga, ambaye madereva wote tunamfahamu kwa sura, amesimama mahali pake pa kila siku. Sijui kwa nini hakuondoka na wenzake. Labda naye alikuwa na miaka michache tu kabla ya kustaafu.

Gari la wageni lilisimama karibu yetu. Nao walikuwa wamezunguka tangu asubuhi na hawajaona kitu, wamechoka, kamera zimewalala mapajani. Walipomwona mjane wa kaniki nyeusi chini ya kofia ya njano wakaamka wote. Walimpiga picha kwa ubavu, kwa mbele, wakamwomba ageuke kidogo kwenye mwanga. Mama mmoja akampungia mkono. Bi. Somoe naye akampungia, kwa sababu ana adabu.

Kila penye kivuli Bwana Evarist aliuliza, "Unamwona?" na Bi. Somoe akajibu, "Simwoni." Baadaye Bwana Evarist akalala, kichwa kinagonga kioo, na sauti ikawa ya injini peke yake.

"Dereva," Bi. Somoe aliniita, "tembo wenyewe wako wapi?"

"Mama, mimi naangalia barabara."

"Na barabarani hawapo?"

Nilikuwa na watoto shuleni, na cheti ofisini. Mwisho nikamwambia wapo, lakini si barabara ya huku.

Akatikisa kichwa bila hasira, akaanza kunieleza habari za Likwata. Alisema hakuwa akiwachukia. Alisema mwaka wa njaa, tembo walipokula shamba lote, Likwata aliokota punje zilizobaki kwenye kinyesi chao, akaziosha, akazipanda, zikaota. Watu walimcheka. Yeye alisema kumbe walikuwa wamesikia, wameacha mbegu, ila hawakujua pa kuiweka. Bi. Somoe alicheka aliposema hivyo, na ile kofia kwa mara hiyo moja ikasema kweli.

*

Tulitokea geti la mashariki, ambalo kutoka pale mpaka Tuvumilie ni karibu. Tulipoyapita mawe meupe tu, Bi. Somoe akanishika bega.

"Simamisha."

Nikasimamisha. Walikuwa shambani kwake, kundi zima, wanang'oa mbaazi za mwaka jana zilizobaki na kupukutisha mchanga kwenye mizizi kwa kupiga gotini. Bwana Evarist aliamka, akaona, akageuka. Na mimi nikageuka. Miili yetu ilifanya yenyewe, kama mkono unavyoruka kwenye sufuria ya moto.

"Yule mwenye sikio lililochanika," Bi. Somoe alisema. "Yule pale, mkubwa. Ndiye."

"Mama, tumeshatoka nje ya mpaka."

"Mimi au yeye?"

"Nyote."

"Geuka umtazame tu, mwanangu. Sikuambii useme."

Bwana Evarist hakugeuka. Alikuwa anatazama kichaka kitupu upande wa pili, mikono magotini. Bi. Somoe akamuuliza kama ana mama. Akasema anaye. Akamuuliza kama analima. Akasema analima, akataja kijiji, nacho nakijua, kiko ng'ambo tu ya mawe meupe upande wa kaskazini.

"Na yeye huko anafukuza nini?"

Tembo mmoja alivunja tawi.

"Anafukuza hitilafu, mama," Bwana Evarist alijibu.

*

Kesho yake nilimpeleka Bwana Evarist kwa Mheshimiwa. Sikupata kujua alisema nini mle ndani, ila mlango ulikuwa wazi. Alimwomba Mheshimiwa, kwa unyenyekevu, kwamba kibinadamu tu, mara moja tu, ikubaliwe kuwa mtu mmoja aliuawa na tembo shambani kwake, ili mjane ashike jembe kabla ya mvua. Mheshimiwa alitazama kalenda. Uchaguzi ulikuwa karibu, na mtu mwenye busara hawezi kuwaacha wapiga kura mkekani.

"Kama tembo hataki kurudi ndani ya mpaka," Mheshimiwa alisema, "basi mpaka umfuate tembo."

Bwana Evarist alitoka mle ndani akiwa amefurahi. Njia nzima aliniambia kwamba ukiwaendea wakubwa kwa adabu wanaelewa. Nami nilifurahi. Nataka hilo lijulikane, kwamba siku hiyo tulifurahi wote wawili, bila kofia.

Sherehe ilifanyika Tuvumilie penyewe, kwenye uwanja wa nyumba ya msiba, kwa kuwa waombolezaji walikuwa wameshajaa na haikuhitajika kukusanya watu. Lilijengwa turubai. Vilikuja viti vya plastiki, vipaza sauti, na kikundi cha kwaya kilichoimba kuhusu mandhari. Mheshimiwa alisema serikali yake ni sikivu, imesikia kilio cha mjane, na kuanzia sasa Tuvumilie yote imeingizwa rasmi katika makazi ya asili. Kwa hiyo anatamka mbele ya taifa kwamba marehemu Likwata aliuawa na tembo, tembo halali kabisa, akiwa katika makazi yake ya asili. Watu walipiga vigelegele. Mwenyekiti wa kijiji alipiga makofi mpaka saa ikamvuka mkononi.

Nangomwa akasimama mlangoni.

"Ndugu yangu Likwata," alisema, "kachukuliwa na tembo."

"Tumesikia," uwanja wote ukajibu.

Mikeka ikakunjwa. Hapo ndipo Bi. Somoe alipolia, kwa sauti, amepiga magoti. Muda wote ule nilikuwa sijamwona akilia. Nadhani mtu hawezi kulia vizuri wakati bado anaulizwa sababu. Wanawake wakamwinua, wakamfungua kaniki, wakampa jembe. Mvua ikaanza kudondoka, matone makubwa ya kwanza yale yanayonukisha udongo. Hakusubiri wali wa sherehe. Alilitia jembe begani akaenda shambani.

Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na mawe meupe mapya, rangi haijakauka, na mbele ya mawe alikuwa amesimama askari wa hifadhi na bunduki yake.

"Humu hakulimwi, mama," alisema. "Ni hifadhini."

Bi. Somoe alidhani ni utani wa sherehe, akataka kumpita. Askari akanyoosha mkono. Bwana Evarist alikuwa amekimbia nyuma yake, viatu vimejaa matope, na nilipoona uso wake nilijua naye ameambiwa sasa hivi. Alimweleza kwamba makazi ya asili hayana watu, ndiyo maana yanaitwa ya asili. Kwamba kijiji kitahamishiwa kando ya lami, na serikali itatoa mabati. Kwamba tembo sasa yuko kwake kisheria.

"Na Likwata?"

"Likwata ameshakubaliwa, mama. Imekubaliwa kwamba alifia hifadhini."

"Bila kibali," akaongeza askari, aliyekuwa mgeni kazini na aliyependa mambo yakamilike. "Lakini Mheshimiwa amemsamehe."

Bi. Somoe alisimama pale mvua ikimlowesha. Alilishusha jembe polepole, akalitazama, akauliza kaburi je, lililo pembeni ya shamba. Bwana Evarist akasema kaburi litabaki mahali pake, hakuna atakayeligusa, na yeye Bi. Somoe atakaribishwa wakati wowote kama mtalii wa ndani. Niliona uchungu ambao sijui niuelezeje. Nilikwenda kukaa garini, nikaangalia barabara.

*

Sasa wako Tuvumilie Mpya, kando ya lami, mahali pa kokoto ambapo hata mbaazi inasita. Mabati yalikuja, ya nusu nyumba kila nyumba. Wanapasua kokoto na kuziuza kwa watu wa barabara. Tembo ni wachache upande huo kwa sababu hakuna cha kula, na Wizara huitaja Tuvumilie Mpya katika hotuba kama mfano wa kijiji kisicho na hitilafu.

Ile kampeni haijafa. Kila mwaka kuna Siku ya Mwananchi Kufurahia Chake, wanapelekwa bure, na kila mwaka Bi. Somoe anakuja na kofia yake mwenyewe. Jua limefifisha maandishi, huwezi kujua tena amefurahi au la. Anakaa kiti cha nyuma yangu. Bwana Evarist sasa ndiye anayewaongoza watalii wa ndani kwa kipaza sauti kidogo. Alishushwa cheo kwa kosa la kupeleka mambo juu. Kijiji cha mama yake kimo kwenye mpango wa mpaka wa mwaka ujao.

Tukifika ilipokuwa Tuvumilie, abiria huinuka kwenye viti, kwa sababu hapo siku hizi ndipo penye tembo. Wanapenda mahindi yanayojiotea penyewe kwenye mashamba ya zamani. Mwenye sikio lililochanika yupo, amezeeka. Watu wote wanamtazama yeye. Bi. Somoe anatazama upande mwingine, mahali penye tuta dogo, na hasemi kitu mpaka tunaondoka. Hivyo ndivyo ilivyokuwa miaka yote, kwani sheria ya hifadhi ni moja na kila mtu anaijua: mtalii hashuki garini.

Mwaka huu mvua zilikuwa nyingi. Tulipofika pale, tuta halikuonekana.

"Mwanangu," Bi. Somoe aliniambia sikioni, "nyasi zimemfunika."

Nilimwona kwenye kioo akifungua khanga kiunoni na kutoa jembe lake, lile lile, amelikata mpini ukawa mfupi wa kufichika. Hakuniomba chochote. Alilipakata tu mapajani.

Mimi nina miezi michache tu nistaafu. Nimegeuka maisha yangu yote. Nimegeuka kwenye lami, kwenye madaraja, kwenye mashamba ya watu. Nikasimamisha gari, nikazima injini, nikashika simu ya upepo.

"Makao makuu, hapa kuna hitilafu ya barabara, karibu na Tuvumilie."

"Kubwa?"

"Ya kawaida."

Bwana Evarist alinitazama. Kisha akamtazama Bi. Somoe, akatazama lile jembe. Akawasha kipaza sauti chake.

"Ndugu watalii wa ndani," alisema kwa sauti yake ya kazini, "naomba sote tuelekee upande wa kushoto. Upande huo kuna mandhari."

Kushoto hapakuwa na kitu, kichaka tu na anga. Lakini watu wetu wamelelewa vizuri. Waligeuka wote pamoja, na Bwana Evarist akageuka, na mimi nikageuka. Nyuma yetu mlango ulifunguka. Nikasikia hatua kwenye nyasi, kisha jembe linaingia kwenye udongo, linatoka, linaingia. Nikasikia pia tembo wakisogea, ule mvumo wao wa tumboni, karibu. Jembe likanyamaza.

"Jamani, kuleni," nilimsikia Bi. Somoe akisema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na majirani. "Lakini tuachieni mbegu."

Halafu jembe likaanza tena.

Simu ya upepo ikakwaruza. Makao makuu walitaka kujua kama hitilafu imeisha.

"Bado," nikawajibu.